Dakika Kumi na Tano na Daftari: Kuandika Shajara kwa Ajili ya Afya

Ushauri wa kuandika shajara umeenea sana siku hizi. Unausikia redioni, kwenye vipindi vya afya ya akili, katika semina za vijana, hata katika mahubiri. Mtu mwenye msongo wa mawazo huambiwa anunue daftari, aandike kila siku, amwage yote yaliyo moyoni, na nafuu itakuja. Ushauri huo una ukweli, lakini umekatwa nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye kazi. Hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba kuandika kila siku ndiko kunakoleta afya, wala kwamba kumwaga hisia peke yake kunatosha. Tafiti za karibu miaka arobaini zinaelekeza mahali pengine: mtu alichukue jambo linalomsumbua, aliweke pamoja na hisia zake, alitafutie sababu na maana mpaka lieleweke, kisha aliache. Anayeijua tofauti hiyo hujua aandike nini, kwa muda gani na lini asimame. Asiyeijua anaweza kujaza madaftari matano na kubaki na maumivu yale yale.

Msingi wa madai haya uliwekwa mjini Dallas, jimbo la Texas, Marekani, katika Chuo Kikuu cha Southern Methodist. Mwaka 1986 mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall walichapisha utafiti uliofanywa kwa wanafunzi 46. Kila mmoja aliandika kwa dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Kundi la kwanza lilipewa mambo mepesi yasiyomgusa mtu. Makundi mengine matatu yaliandika juu ya tukio zito lililowahi kumpata mwandishi, lakini kila kundi kwa namna yake: moja lilieleza hisia bila kusimulia tukio, moja likasimulia tukio bila kugusa hisia, na la mwisho likaandika vyote viwili kwa pamoja. Katika miezi sita iliyofuata watafiti walihesabu ni mara ngapi kila mwanafunzi alikwenda kwenye zahanati ya chuo kwa sababu ya ugonjwa. Waliokwenda mara chache zaidi ni wale walioandika tukio pamoja na hisia zake.

Nimeueleza kwa urefu utafiti huu mdogo kwa sababu mpangilio wake unajibu swali ambalo washauri wengi hawaliulizi. Kama dawa ingekuwa kumwaga hisia, kundi lililomwaga hisia tu lingefanya vizuri sawasawa na lile la mwisho. Kama dawa ingekuwa kuweka kumbukumbu, waliosimulia tukio kwa ukavu wangepona. Haikuwa hivyo. Na kuna jambo jingine ambalo halipaswi kufichwa: mara tu baada ya kuandika, waliogusa mambo mazito walijisikia vibaya zaidi kuliko wengine, na shinikizo lao la damu lilipanda kwa muda. Faida ilikuja baadaye, wiki na miezi mbele. Anayeanza shajara akitarajia kulala kwa furaha usiku ule ule atadhani imeshindwa, aiache siku ya pili, na hapo atakuwa amelipa gharama bila kuchukua mali.

Baada ya hapo watafiti waligeukia mwili wenyewe, maana mtu anaweza kupunguza safari za zahanati kwa sababu nyingi zisizohusu ugonjwa. Nchini New Zealand, Keith Petrie na wenzake walichapisha mwaka 1995 matokeo ya wanafunzi 40 wa udaktari waliochanjwa dhidi ya homa ya ini aina ya B baada ya siku nne za kuandika. Miezi minne na miezi sita baadaye, walioandika juu ya mambo yaliyowaumiza walikuwa na kingamwili nyingi zaidi kuliko wenzao. Mwaka 1999 Joshua Smyth na wenzake waliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 100 wa pumu na wa baridi yabisi walioandika dakika 20 kwa siku, siku tatu tu. Miezi minne baadaye wenye pumu walikuwa wakitoa pumzi kwa nguvu zaidi: kipimo cha mapafu kilipanda kutoka asilimia 63.9 ya kiwango kinachotarajiwa hadi asilimia 76.3, na dalili za ugonjwa kwa wenye baridi yabisi zilipungua kwa asilimia 28. Wote hao waliendelea na dawa zao kama kawaida. Uandishi uliongezwa juu ya matibabu, haukuchukua nafasi yake, na yeyote anayekwambia uache dawa ya presha kwa sababu umeanza shajara anakuhatarisha.

Utafiti unaonishawishi kuliko yote ni wa mwaka 2013, nao ulifanyika New Zealand vilevile. Wazee 49 wenye afya njema, wa umri wa miaka 64 hadi 97, waliandika dakika 20 kila siku kwa siku tatu. Baadhi yao juu ya jambo lililowaumiza maishani, wengine juu ya shughuli za kila siku. Wiki mbili baadaye kila mmoja alikatwa kijeraha cha milimita 4 kwenye mkono, kikapigwa picha mara kwa mara. Kufikia siku ya 11, vidonda vya asilimia 76.2 ya walioandika mambo mazito vilikuwa vimefunga kabisa, dhidi ya asilimia 42.1 kwa wenzao. Kidonda hakina adabu ya kumpendeza mtafiti. Kinafunga au hakifungi.

Kwa nini karatasi iwe na nguvu hiyo? Maelezo ya kwanza ya Pennebaker yalikuwa kwamba kuficha ni kazi. Mtu anayebeba jambo ambalo hawezi kulisema hujizuia mchana na usiku, na kujizuia huko kunauchosha mwili. Nadhani maelezo hayo ni sahihi kwa kiasi, lakini hayatoshi, kwa sababu kama yangetosha, basi kulia na kupiga kelele kungekuwa tiba. Jibu zuri zaidi lilipatikana maandishi yenyewe yalipochunguzwa. Pennebaker na wenzake walitengeneza programu ya kompyuta ya kuhesabu maneno, wakalinganisha maandishi ya waliopata nafuu na ya wasiopata. Waliopata nafuu walianza na masimulizi yaliyotawanyika, lakini kadiri siku zilivyosonga waliongeza maneno ya sababu na ya utambuzi: kwa sababu, ndiyo maana, sasa naelewa, nimegundua. Walibadilisha pia mahali pa kutazamia. Leo waliandika kwa “mimi”, kesho kwa “yeye” na “wao”, wakilitazama tukio kwa macho ya wengine waliokuwemo. Wale waliorudia kisa kile kile kwa maneno yale yale siku zote nne hawakufaidika kiasi hicho. Uandishi, kwa hiyo, unafanya kazi pale unapomsogeza mtu. Wazo lililo kichwani huja kwa vipande na kurudi bila mpangilio. Sentensi inalazimisha liwe na mtendaji, kitendo, mahali na kisa chake. Jambo lenye mwanzo na mwisho halina haja ya kurudi kila saa kudai lisikilizwe.

Sasa namna ya kufanya. Chagua siku nne zinazofuatana, au nne ndani ya wiki mbili kama ratiba yako ni ya zamu. Tafuta dakika 15 au 20 ambazo hutaitwa na mtu. Andika juu ya jambo lile linalokujia usiku, ambalo hujawahi kumweleza mtu kikamilifu. Andika bila kusimama. Usijali tahajia, wala usafi wa mwandiko, wala lugha: kama Kiswahili chako cha shuleni hakifiki pale penye maumivu, andika kwa Kichaga, kwa Kijaluo, kwa Kiha, au changanya. Siku ya kwanza simulia kilichotokea pamoja na ulichohisi wakati ule na unachohisi sasa. Siku ya pili ingia ndani zaidi, ukiuliza jambo hili limegusa nini kingine katika maisha yako, kama ndoa, kazi, namna unavyowatazama watoto wako. Siku ya tatu jaribu kuliandika upande wa pili, kama angelieleza mtu mwingine aliyekuwepo, hata yule aliyekukosea. Humuungi mkono, unatafuta tu kuona chumba chote. Siku ya nne andika unachokielewa sasa ambacho hukukielewa mwanzo, na unachotaka kufanya nacho. Kisha funga daftari. Jumla ni saa moja au zaidi kidogo, na kwa sababu hiyo sikubali kisingizio cha kukosa muda.

Utaona kwamba sikukuambia uandike kila siku maisha yako yote. Wapo wanaofurahia kufanya hivyo na sina neno juu yao, lakini shajara kama wajibu wa kila usiku huwafanya wengi wajione wazembe, na mtu mgonjwa hana haja ya kuongezewa hatia. Shajara ya afya hutumika panapohitajika: baada ya kuachishwa kazi, baada ya vipimo vibaya, wakati ugomvi wa kifamilia haujapata mkutano wa kuumaliza. Mambo yakitulia, iache ikae.

Mtu makini atauliza: je, faida hii ni kubwa kiasi gani? Ni ndogo kwa wastani, na ni vizuri kulisema wazi. Mwaka 2006 Joanne Frattaroli alikusanya tafiti 146 za aina hii na kuzipima pamoja. Alikuta kwamba uandishi unasaidia kweli, lakini kwa kiwango cha chini. Sioni sababu ya kuukataa ushauri kwa sababu hiyo. Wastani mdogo unaficha watu waliofaidika sana na watu ambao hawakufaidika kabisa, na gharama ya kujaribu ni daftari na kalamu. Uchambuzi huo huo ulionyesha pia hali ambazo faida huongezeka: mtu anapoandikia mahali pa faragha, anapoandika walau mara tatu, kila mara kwa dakika 15 au zaidi, na anapoandika juu ya jambo ambalo bado halijapoa. Wenye matatizo ya afya tayari waliambulia zaidi kuliko wazima. Ni kama ushauri wote mwingine wa afya unaoaminika: hautoi muujiza, na anayeufuata nusunusu asitarajie matunda kamili.

Swali zito zaidi ni la madhara. Kuna watu ambao uandishi wa aina hii unawaumiza, na washauri wengi hawawataji. Mwaka 2013 David Sbarra na wenzake walichapisha utafiti wa watu 90 waliokuwa wametoka kuachana na wenzi wao. Kwa wale wenye tabia ya kuchimbachimba maana ya talaka yao bila kukoma, kuandika kwa undani juu ya hisia kuliwaacha katika hali mbaya zaidi miezi kadhaa baadaye kuliko kuandika tu mambo ya kila siku. Walikwisha kujieleza mno kichwani mwao. Karatasi iliwapa uwanja mwingine wa kuzunguka, kama ngamia wa kinu cha mafuta anayetembea kutwa bila kutoka alipo. Kwa wafiwa pia, utafiti wa Margaret Stroebe na wenzake nchini Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2002, haukuona kwamba kuandika juu ya msiba kunaharakisha nafuu. Hilo lisitushangaze. Tanga, kisomo, arobaini na watu wanaokuja kukaa nawe bila kuulizwa vinafanya kazi ambayo daftari haliwezi. Aliyefiwa juzi aachwe aomboleze, na asihimizwe kuandika kama vile huzuni yake ni kasoro.

Kwa hiyo jipime. Ukimaliza siku ya pili na kusoma ulichoandika, ukakuta sentensi zile zile za siku ya kwanza, lawama zile zile, mtu yule yule ametajwa kwa matusi yale yale, badilisha namna ya kuandika. Ruka moja kwa moja kwenye siku ya tatu: andika kwa “yeye” badala ya “mimi”. Ikishindikana, acha mada hiyo na andika juu ya kazi ya kesho. Pennebaker mwenyewe ana kanuni rahisi: ukihisi kwamba jambo fulani litakuzidi nguvu ukiligusa, usiliguse, chagua jingine. Huzuni ya saa moja au mbili baada ya kuandika ni ya kawaida. Huzuni isiyoondoka kwa siku kadhaa, kukosa usingizi kunakozidi, au mawazo ya kujidhuru, hiyo ni ishara ya kufunga daftari na kwenda hospitali, au kumwita ndugu akusindikize leo hii. Sonona ni ugonjwa na una matibabu; usiuachie kalamu peke yake.

Pingamizi jingine linatugusa sisi hasa. Watu husema kwamba haya ni mambo ya Wazungu, kwamba sisi ni watu wa kuzungumza, tunatua mizigo yetu barazani, kwa shangazi, kwa mjomba, kwa shoga, na kwamba kujifungia na daftari ni upweke. Kuna haki katika maneno hayo, na mwenye wa kumweleza asimwache kwa sababu ya shajara. Lakini kalamu si ngeni kwetu. Pwani hii iliandika kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya shule za wakoloni, na mwaka 1858 Mwana Kupona wa Pate, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake wosia mrefu uliotufikia hadi leo. Na ushahidi wenyewe hauko Texas tu. Frank Neuner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, walipeleka kwenye kambi za wakimbizi nchini Uganda njia inayounganisha mdomo na karatasi. Mkimbizi anasimulia maisha yake tangu kuzaliwa, mema na mabaya kwa mpangilio wa wakati, mshauri anayaandika, kikao kinachofuata yanasomwa tena kwa sauti, yanasahihishwa, yanaendelezwa, mwishoni mhusika anakabidhiwa hadithi ya maisha yake iliyoandikwa.

Katika makazi ya Imvepi, kaskazini mwa Uganda, wakimbizi 43 kutoka Sudan waliokuwa na maradhi ya kiwewe walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2004. Mwaka mmoja baada ya vikao vinne vya njia hiyo, asilimia 29 tu ndio walioendelea kuwa na maradhi hayo, wakati kwa waliopewa ushauri wa kawaida au elimu tu idadi ilikuwa karibu asilimia 80. Kisha huko Nakivale, kusini magharibi mwa nchi hiyo, ambako leo pia wanaishi Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili, njia hiyo ilitumiwa kwa Wanyarwanda na Wasomali. Utafiti huo wa mwaka 2008 ulihusisha watu 277, na washauri walikuwa wakimbizi wenzao waliofunzwa, hawakuwa madaktari. Matokeo yake yanafundisha unyenyekevu pia: kundi jingine lililopata ushauri wa mazungumzo uliopangwa vizuri lilifanya karibu sawa na la simulizi, na yote mawili yaliwazidi sana ambao hawakupata huduma. Hivyo daftari halishindani na baraza. Mahali penye msikilizaji mwema, mweleze. Mahali ambapo jambo halielezeki kwa mtu, kwa aibu, kwa hofu au kwa kuwa wote waliomo wamelipata jambo lile lile, karatasi inabeba. Jibu hilo hilo nampa anayesema kwamba dua inatosha. Asiache dua. Kuandika hakumpunguzii mtu imani, na wengi wanaoandika kwa ukweli hujikuta wanajua vizuri zaidi wanachokiomba.

Kuhusu siri, hofu ni ya haki kabisa. Nyumba zetu nyingi ni za chumba kimoja au viwili, daftari halina pa kufichwa, na maandishi yanayosomwa na asiyehusika yanaweza kuvunja ndoa au kumletea mtu kipigo. Hapa tafiti zinatusaidia, kwa sababu katika nyingi ya hizo washiriki waliandika wakijua kwamba hakuna atakayewatambua, na wala hawakubaki na karatasi zao. Kazi hufanyika wakati wa kuandika, haimo katika kuhifadhi. Andika, soma mara moja, kisha chana vipande vidogo au choma. Unaweza kuandika kwenye simu yenye namba ya siri na kufuta ukimaliza, ingawa nina wasiwasi na simu kwa sababu ujumbe unaoingia humtoa mtu kwenye wazo. Unaweza kuandikia kazini wakati wa mapumziko au maktabani. Na mwanamke au mwanamume anayeishi na mtu mkatili asiache hata mstari mmoja nyumbani. Usalama wake unatangulia kila faida iliyotajwa hapa.

Ipo shajara ya aina nyingine isiyohitaji machozi, na kwa wasomaji wengi wa umri wa kati huenda ndiyo itakayowafaa mapema zaidi. Anza na usingizi. Mwaka 2018 Michael Scullin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, walichapisha utafiti wa vijana 57 waliolala maabara huku wakipimwa mawimbi ya ubongo. Nusu waliandika kwa dakika 5 kabla ya kulala kazi wanazopaswa kufanya siku zijazo, nusu waliandika kazi walizokwisha kuzimaliza. Walioandika kazi zijazo walisinzia mapema kwa takriban dakika 9, na kadiri orodha ilivyokuwa ya wazi na ya kina ndivyo usingizi ulivyokuja haraka. Kwa hiyo mama anayelala akihesabu ada, kodi na kikoba asijilazimishe kusahau. Aviandike kwa majina na tarehe, aweke kalamu chini.

Kisha kuna daftari la mwili. Mwenye presha anayepima nyumbani akae kimya dakika 5, mgongo umeegemea na miguu imegusa sakafu, apime mara mbili asubuhi na mara mbili jioni, aandike namba zote, hata zile asizozipenda. Wastani wa nyumbani unaofika 135 kwa 85 au kuzidi ni jambo la kumpelekea daktari. Mwenye pumu aandike usiku alioamka kwa kukohoa na mara alizotumia dawa ya kuvuta. Mwenye kipandauso aandike alikula nini, alilala saa ngapi, na kwa mwanamke, siku ya mzunguko wake. Mwenye kisukari anayo mazoea haya tayari, ila mara nyingi anaandika namba bila kuandika chakula, na namba bila chakula haimfundishi kitu. Katika utafiti wa kupunguza uzito uliosimamiwa na taasisi ya Kaiser Permanente huko Marekani na kuchapishwa mwaka 2008, ukiwa na washiriki karibu 1,700, walioandika kila walichokula kila siku walipungua takriban mara mbili ya wasioandika chochote. Sababu inafanana na ile ya shajara ya moyo: mtu anapoona kwa maandishi yake mwenyewe kwamba kila jioni ya mechi presha hupanda, au kwamba vitumbua vya saa nne havikuwa “siku moja moja”, anaacha kubishana na kumbukumbu yake.

Faida nyingine ya daftari hili inahusu mfumo wetu wa afya. Foleni ni ndefu na muda wa kuonana na daktari ni mfupi. Mgonjwa anayejibu “naumwa tangu siku nyingi” anampa mganga kazi ya kubahatisha. Anayetoa ukurasa wenye tarehe, namba na dalili amempa kitu cha kufanyia kazi ndani ya dakika hizo chache, na dawa inaweza kubadilishwa siku hiyo hiyo badala ya kusubiri miadi mingine. Wahudumu nao wanaweza kusaidia kwa kuuliza, “Umekuja na daftari?” kama wanavyouliza kadi ya kliniki.

Ukitaka kuanza, tenga kaunta buku moja na uligawe. Kurasa za mbele ziwe za mwili, ambazo yeyote anaweza kuzisoma. Yale ya moyoni yaandike kwenye karatasi za kuchomoa, ili uweze kuyachoma bila kupoteza namba zako. Jaribu siku nne kama nilivyoeleza, wiki hii, juu ya jambo moja tu. Na siku ya miadi ijayo ya kliniki chukua daftari hilo, lifungue kwenye kurasa za namba, umwombe daktari alisome kabla hajaandika dawa.